CD, kupakua au miwani ya VR: mchezaji wa Mombasa aweke wapi pesa zake

Mtu mwenye bajeti moja ya gemu hapa Mombasa hukutana na maswali mawili kwa pamoja. Anunue PS5, konsoli (yaani mashine ya gemu) ya Sony, yenye tundu la CD, au ile isiyo nalo ambayo kila kitu hupakuliwa? Na zile pesa zitakazobaki, azimalizie kwenye gemu za TV au anunue miwani ya uhalisia pepe, hii tunayoiita VR? Wengi huyajibu siku tofauti, katika maduka tofauti. Kwangu ni swali moja, kwa sababu ukishavaa miwani ya VR umeingia pahali ambapo CD karibu haipo, na suala la nani anamiliki gemu uliyoilipia limeshaamuliwa kabla hujaulizwa.

Nitasema mapema ninakoegemea. Nacheza kwa konsoli, na CD naithamini. VR pia naipenda kwa moyo mmoja: kukaa ndani ya gari la Gran Turismo 7, gemu ya mbio za magari, ukageuza shingo ukatazama kioo cha pembeni na kumwona anayekufukuza, ni raha ambayo TV haiitoi hata iwe na upana wa ukuta. Kwa hivyo simpigii mtu debe. Ninachotaka ni kwamba unapotoa pesa zako Moi Avenue au Nyali, ujue unapata nini na hupati nini.

## Njia nne, vigezo vitano

Njia ninazozilinganisha ni hizi: PS5 yenye tundu la CD, PS5 isiyo na CD, ya kupakua tu, PS5 pamoja na miwani ya PS VR2, ya Sony pia, na miwani ya Quest 3 au Quest 3S ya Meta, kampuni yenye Facebook, ambayo hujitegemea bila konsoli wala TV. Xbox na Nintendo nitazigusa pale zinapotufundisha jambo.

Kila njia nitaipima kwa mambo yaleyale: bei hadi gemu ya kwanza iwake, kile kinachobaki kuwa chako baada ya kulipa, intaneti na stima, chumba chenyewe pamoja na joto na chumvi yetu ya pwani, na mwisho watu unaoishi nao. Kigezo cha pili ndicho kirefu. Ndicho pia ambacho wauzaji hawakigusii.

## Bei hadi gemu ya kwanza iwake

Nachukua bei za Marekani kwa kuwa ndizo zinazotangazwa hadharani, nikizigeuza kwa shilingi 129 kwa dola. Bei ya dukani Mombasa ina usafiri, ushuru, VAT ya asilimia 16 na faida ya muuzaji juu yake, kwa hivyo zichukue namba hizi kama uwiano tu.

PS5 yenye CD, bei zilipopandishwa Agosti 2025, ilifika dola 549.99, karibu shilingi 71,000. Isiyo na CD ilifika dola 499.99, karibu 64,500. Tofauti ya dola 50 inavutia, lakini tazama mbele kidogo. Zile PS5 za umbo jembamba zilizotoka Novemba 2023 zinakubali kuongezwa tundu la CD baadaye, na tundu hilo lilitangazwa kwa dola 79.99. Ukilinunua baadaye umelipa zaidi ya yule aliyechukua yenye CD tangu siku ya kwanza. PS5 Pro ya Novemba 2024 huja bila tundu kabisa, nalo huongezwa vivyo hivyo. Xbox Series S haina tundu na hakuna njia ya kuliongeza, kwa hivyo anayeichukua kwa sababu ya unafuu wake ajue amefunga mlango huo moja kwa moja.

PS VR2 ilianza kwa dola 549.99 Februari 2023, ikashushwa hadi 399.99 Machi 2025, karibu shilingi 51,600. Haifanyi kazi peke yake. Kwa bei hizo, pamoja na PS5 yenye CD unagonga shilingi 122,000 na ushei kabla hujanunua gemu hata moja. Quest 3S ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 299.99, chini kidogo ya shilingi 39,000. Quest 3 wakati huo iliuzwa kwa dola 499.99. Kwa anayeitaka VR peke yake, Quest 3S ndiyo nafuu kuliko njia zote hizi, na hilo halina ubishi.

Kisha gemu zenyewe. Gemu kubwa mpya ya PS5 ni dola 69.99, shilingi 9,000. Mwenye CD anaweza kuichukua ya mkono wa pili, akaimaliza, akaiuza. Tuseme umenunua kwa 9,000 ukauza kwa 6,000. Gemu imekugharimu 3,000. Za hadithi hushika bei vizuri. Za mpira hazishiki, kwa sababu kila Septemba linatoka toleo jipya na la jana halitakiwi tena. Uza mapema, Agosti isikukute nayo. Anayepakua hana pa kuuza, ila ana punguzo za msimu ambazo kwa gemu iliyokaa sokoni mwaka mmoja huwa kubwa kweli, na mvumilivu anaweza kujaza maktaba kwa pesa ambazo mwenye CD angenunulia tatu. Gemu za VR kwa kawaida huwa za bei ya chini kuliko hizo kubwa, na huwa fupi pia.

## Kinachobaki kuwa chako

CD ikiwa mkononi mwako unaweza kuiazimisha, kuiuza, kuibadilisha, kumwachia mdogo wako. Uhuru huo ulikaribia kuondoka mwaka 2013. Microsoft ilipotangaza Xbox One ilisema konsoli italazimika kuwasiliana na seva zake kila baada ya saa 24, na kwamba gemu za mkono wa pili zitawekewa masharti. Wachezaji walipiga kelele, na Juni mwaka huohuo, kabla konsoli haijafika madukani, mpango ukafutwa. Ninalitaja kwa sababu wako vijana wanaodhani kuazimana CD ni jambo la asili ambalo haliwezi kuguswa. Lilitetewa.

Hata hivyo CD si hati ya shamba. Ziko CD ambazo kazi yake ni kufungua mlango wa seva tu, na seva ikizimwa hakuna kitu nyuma ya mlango. The Crew ya Ubisoft ilitoka 2014, ikauzwa kwa CD kama gemu nyingine yoyote, lakini ilihitaji intaneti kila wakati. Seva zilipozimwa tarehe 31 Machi 2024, mwenye CD na aliyepakua wakawa sawa: hakuna aliyebaki na gemu. Hasira hiyo ndiyo iliyozaa kampeni ya Stop Killing Games iliyoanzishwa na Ross Scott. Concord ya Sony ilitoka tarehe 23 Agosti 2024 na kuzimwa tarehe 6 Septemba. Wanunuzi walirudishiwa pesa, CD zikabaki plastiki. Na hiyo Gran Turismo 7 ninayoisifu, Machi 2022 ilikatika kwa zaidi ya saa 30 wakati wa matengenezo ya seva, na wenye CD wakashindwa kucheza sehemu kubwa ya gemu, hata ile ya mtu mmoja dhidi ya kompyuta.

Nintendo nayo imeleta namna yake. Konsoli yake ya Switch 2, iliyotoka Juni 2025, ina baadhi ya gemu zinazouzwa kwa kadi ambayo ndani yake hakuna gemu. Kadi inaiamuru konsoli ipakue, na lazima iwe imechomekwa ndipo ucheze. Kuiuza unaweza. Kuipakua miaka mingi ijayo, baada ya seva kuondoka, huwezi.

Kwa hivyo swali la kumuuliza muuzaji, au rafiki aliyeitangulia gemu, ni moja: CD hii nikiitia kwenye konsoli isiyo na intaneti, inacheza hadi mwisho? Ikiwa ndiyo, umenunua kitu. Ikiwa hapana, tofauti kati yako na aliyepakua ni kwamba wewe unaweza kuiuza kabla haijafa. Na tundu la CD la kuongezwa, lile la PS5 jembamba, huhitaji intaneti mara ya kwanza linapounganishwa na konsoli. Fanya hivyo siku uliyolinunua, usingoje.

Anayepakua ananunua leseni. Sheria ya California iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 inawalazimisha wauzaji wa bidhaa za kidijitali kusema hivyo waziwazi badala ya kutumia tu neno la kununua. Kwetu Kenya kuna jambo la ziada. Kenya haimo katika orodha ya nchi za PlayStation Network (PSN), huduma ya mtandaoni ya Sony, kwa hivyo wengi wetu tuna akaunti za Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, tunazojaza pesa kwa kadi za zawadi. Masharti ya Sony yanataka useme ukweli kuhusu nchi unayoishi. Mei 2024 jambo hili lilionekana na dunia nzima: Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PSN, gemu iliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo. Sharti liliondolewa kwa shinikizo la wachezaji, lakini funzo lilibaki. Maktaba yako nzima inakaa katika akaunti ambayo haikufunguliwa kwa ajili ya mtu wa Kisauni au Likoni.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika mahali salama barua pepe ya akaunti, nchi uliyoichagua, misimbo ya kuirejesha, na nambari za kadi za zawadi ulizotumia. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Na zile akaunti za kushirikiana zinazouzwa kwa bei ya chini, ambapo mtu anakupa nenosiri la akaunti aliyowauzia na wengine, ziache. Masharti yanazikataza, na siku moja wapo akibadilisha nenosiri huna pa kushtaki.

Niwe wa haki kwa upande huu. CD huchubuka, huibiwa, husahauliwa kwenye matatu. Gemu uliyoipakua unaweza kuifuta na kuishusha tena bila kulipa. Nintendo ilipofunga maduka ya kupakua ya 3DS na Wii U, konsoli zake za zamani, tarehe 27 Machi 2023, ilizuia kununua, lakini waliokwisha kununua wakaachiwa waendelee kupakua. Kupakua hakumaanishi kwamba kesho gemu itapotea. Kunamaanisha kwamba si mchezaji anayeichagua siku ya kupotea. Ukubwa wa jambo unaonekana katika utafiti wa Video Game History Foundation, shirika la kuhifadhi historia ya gemu, wa mwaka 2023: asilimia 87 ya gemu za kale zilizotolewa Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena madukani kwa njia ya kawaida.

Sasa miwani. PS VR2 inategemea duka la kupakua karibu kwa kila kitu, lakini ina upenyo mzuri ambao mpenda CD anapaswa kuujua. Gran Turismo 7, Resident Evil Village na Resident Evil 4 mpya zote zinauzwa kwa CD ya kawaida ya PS5, na VR yake huongezwa bure kwa kupakua. CD ileile inachezeka kwenye TV na kwenye miwani, na unaweza kuiuza. Angalizo moja: VR ya hizo Resident Evil mbili huja kama nyongeza, na nyongeza hufuata eneo la CD. CD ya Ulaya na akaunti ya Marekani itacheza gemu, lakini nyongeza huenda isitambulike. CD nyingi za mkono wa pili hapa zimetoka Ulaya au nchi za Ghuba, kwa hivyo geuza kasha usome kabla ya kulipa. Gran Turismo haina tatizo hilo, kwa kuwa VR yake iliingia kama sasisho la gemu yenyewe.

Jambo jingine linalouma ni kwamba gemu za PlayStation VR ya kwanza, ile ya Oktoba 2016, hazichezi kwenye PS VR2 isipokuwa mtengenezaji ametoa toleo jipya. Hata aliyekuwa na CD zake. Miwani ikibadilika, maktaba hukatika.

Quest haina CD kabisa. Kila gemu ni leseni ndani ya akaunti ya Meta. Quest 2 ilipotoka 2020 ililazimu akaunti ya Facebook, maana yake mtu aliyefungiwa Facebook alikuwa hatarini kupoteza gemu alizozilipia. Agosti 2022 ndipo zikaja akaunti za Meta zinazojitegemea. Echo VR, gemu iliyokuwa na wapenzi wake wa dhati, ilizimwa tarehe 1 Agosti 2023 na Meta yenyewe iliyokuwa ikiimiliki. Kinachoikomboa Quest ni kwamba inaunganika na kompyuta yenye nguvu, ukacheza gemu za VR ulizonunua Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ambazo haziko chini ya Meta. PS VR2 nayo ilipata adapta ya kompyuta Agosti 2024 kwa dola 59.99.

Maoni yangu kwa hili: gemu ya VR inunue kwa raha utakayoipata mwaka huu na ujao. Ikidumu zaidi, shukuru. Usiihesabu kuwa akiba, na usitarajie kuipangusa vumbi miaka kumi ijayo umwonyeshe mwanao.

## Intaneti na stima

Gemu ya GB 100 kwenye kifurushi cha 15 Mbps, kasi ikiwa kamili usiku kucha, inachukua karibu saa 15. Kasi haiwi kamili usiku kucha. Mwenye CD huanza mapema zaidi, ingawa naye hupakua masasisho, na asidanganyike kwamba CD inamwokolea nafasi: PS5 hunakili gemu yote kwenye hifadhi yake, CD ikibaki kuthibitisha tu kwamba unayo. PS5 za mwanzo zilikuwa na GB 825, lakini zinazotumika ni kama 667.

Nyaya za baharini za TEAMS, SEACOM na EASSy zinatua hapahapa Mombasa, na bado tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilipokatika baharini upande wa kusini, intaneti ya Afrika Mashariki yote ikawa ya kusuasua. Siku kama hizo mwenye CD ya gemu ya hadithi huendelea na maisha. Anayetumia bando la simu, bila waya wa nyumbani, asinunue konsoli ya kupakua tu. Sioni namna ya kulilainisha hilo.

Stima ikipotea, PS5 inazimika ghafla na inaweza kuharibu data iliyokuwa ikiandikwa. Gadi ya TV, kile kifaa cha kukinga vyombo, husaidia stima inaporudi kwa kishindo. Quest ina betri yake, saa mbili na kidogo, kwa hivyo giza la mtaa haliizimi. Ila kamera zake hujua vizuri zaidi uko wapi chumbani kukiwa na mwanga, basi uwe na taa ya betri.

## Chumba, joto na chumvi

Kwa gemu za kusimama na kutembea, PS VR2 na Quest zote zinataka uwanja wa takriban mita mbili kwa mbili. Pima sebule yako baada ya kusogeza meza na makochi, maana vyumba vingi vya Mji wa Kale na vya fleti za Tudor havitoi hiyo. Gemu za kukaa, kama za magari, zinaweza kuchezwa kwenye kiti. PS VR2 ina waya mmoja wa mita 4.5 kutoka kwa konsoli. Quest haina waya, nayo hukuonyesha chumba kwa rangi, wakati PS VR2 inakuonyesha kwa weusi na weupe.

Halafu kuna pangaboi. Mpaka unaouchora kwenye miwani unalinda kuta na meza. Haujui kwamba juu ya kichwa chako kuna mapanga yanazunguka. Mtu mrefu akinyanyua mkono kupiga upanga au kurusha mpira kwenye chumba chenye dari la chini, anaumia kweli. Ama cheza ukiwa umekaa, ama zima pangaboi uwashe feni ya kusimama. Feni ya kusimama ina faida nyingine: upepo unaotoka upande mmoja hukujulisha umeelekea wapi, na hupunguza kizunguzungu.

Kizunguzungu na kichefuchefu huja kwa sababu macho yanaona mwendo ambao sikio la ndani haliuhisi. Joto huongeza, na miwani ya zaidi ya nusu kilo usoni mwezi wa Februari ni joto. Lenzi hupata mvuke, sponji hunywa jasho. Futa lenzi kwa kitambaa laini kikavu pekee, usitumie spiriti wala maji. Na usiache miwani penye jua hata kwa dakika chache: lenzi zinakusanya miale na kuchoma skrini ndani, doa lisilotoka. Katika mji huu jua linaingia dirishani mapema kuliko unavyodhani.

PS5 yenyewe imetengenezwa kwa chumba cha nyuzi 5 hadi 35. Mchana wa Machi tunaikaribia hiyo 35 ndani ya chumba kisicho na hewa, kwa hivyo usiifungie kabatini. Hewa ya chumvi huleta kutu kwenye matundu ya HDMI na USB, hasa nyumba zinazotazama bahari. CD zikae ndani ya makasha yake. Miwani ikae kwenye sanduku na vipakiti vya silika, kwa sababu ukungu kwenye lenzi ni kazi ngumu kuutoa.

## Watu wa nyumbani

CD na TV vina ushindi wa wazi nyumba ikiwa na watu. Padi mbili, mechi, anayefungwa anapisha. Unavuka Nyali Bridge na CD mfukoni kwenda kwa binamu. Anayepakua anacheza na wageni vilevile, ila hawezi kuibeba gemu.

Miwani huvaliwa na mmoja. PS VR2 huonyesha kwenye TV anachokiona mchezaji, Quest hurusha picha kwa simu, na kutazama mtu akipigana na hewa kuna burudani yake, lakini zamu ni ndefu. Sponji ya jasho ipitayo uso hadi uso inahitaji kifuniko cha kufutika. Wanaovaa ushungi watoe pini za upande wa kichwa kabla ya kukaza mkanda, zisikwaruze lenzi wala kuwachoma. Kwa watoto, Sony inasema miaka 12 na kuendelea. Meta inaruhusu kuanzia 10 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi.

## Kwa hali yako

Ukiishi na ndugu, una TV moja na marafiki wa kuazimana, au intaneti yako ni ya bando: PS5 yenye tundu la CD. Nunua za hadithi, uziuze zikiisha, za mpira uzitoe kabla ya Septemba.

Ukiwa na intaneti ya waya iliyotulia, unacheza gemu moja au mbili za mtandaoni mwaka mzima, na huna desturi ya kuuza: isiyo na CD inakutosha, na punguzo zitakulipa. Chagua ile jembamba inayokubali kuongezwa tundu, isiwe ile inayokufungia.

Ukiwa tayari na PS5 na moyo wako uko kwenye magari au gemu za kutisha, PS VR2 ndiyo itakayokupa kitu ambacho hukijui bado. Anza na CD tatu nilizozitaja. Mwenye usukani wa kuendeshea asome sentensi hiyo mara mbili.

Ukitaka VR bila konsoli, kwa mazoezi ya mwili, gemu za midundo, au kuibeba kwenda Mtwapa wikendi: Quest 3S. Mwenye kompyuta ya nguvu na pesa zaidi achukue Quest 3, kwa kuwa lenzi zake ni safi zaidi na maktaba ya Steam inampa pahali pa pili pa kununulia. Asiyeweza kukubali kwamba hatamiliki chochote cha kushikika asiingie huku. Atakasirika kila siku.

Mkusanyaji, yule anayetaka rafu, namshauri abaki na CD zinazochezeka bila intaneti, na VR aikodi au aiazime. Sipendi kusema hivyo, lakini kwa sasa VR haina cha kumpa rafuni.

Na yeyote anayeelekea kununua miwani ya mkono wa pili, aivae kwanza robo saa akiwa amesimama, si dakika mbili, kichefuchefu huchelewa. Aangalie skrini nyeupe atafute doa la jua, aangalie lenzi kwa tochi atafute ukungu, asukume vijiti vyote vya padi aone kama vinajiendesha vyenyewe. Kisha muuzaji aondoe akaunti yake na kuirudisha miwani katika hali ya kiwandani mbele ya macho yake, kabla pesa ya M-Pesa haijatoka.